Kindi na Mpea-Mwitu: Shajara ya Kadi za Viumbe

Jumamosi, 13 Januari. Kiboswa

Mchezo wa kwanza umekufa ndani ya robo saa.

Kwa atakayeikuta shajara hii katikati: natengeneza kadi 40 za kuchezea, kila moja na kiumbe wake, wanyama 20 na miti 20, Kiswahili kitupu. Wachezaji ni watoto wanaokusanyika kwa dada yangu hapa Kiboswa kila Jumamosi baada ya kazi za nyumbani. Hufika kumi na wawili, mvua ikinyesha saba. Kadi ina picha, na chini ya picha namba nne: urefu, uzito, kasi na umri. Wawili wanatoa kadi, mwenye zamu anataja namba, na aliye na kubwa anazoa zote mbili. Nilijiona fundi kweli.

Leo jozi ya kwanza kutoka ilikuwa kindi na mpea-mwitu. Mpwa wangu, mwenye kindi, akapaza sauti, "Kasi!" Mwenzake akaitazama kadi yake, akakuta sifuri, akaisalimisha bila neno. Jozi ya pili, twiga na mvule, na mwenye mvule akasema, "Urefu." Raundi ya sita ilipofika siri ilikuwa imeshatoka: ukiwa na mnyama taja kasi, ukiwa na mti taja urefu au uzito, na mwenye zamu ndiye mshindi hata kabla kadi haijafunuliwa. Kitinda mimba wa jirani, binti wa miaka tisa hivi ambaye huwa hasemi sana, akaweka kadi zake chini.

"Mjomba, huu si mchezo. Ni kusoma kadi kwa sauti."

Watoto wote wananiita Mjomba, hata wasio wa dada. Maneno yake nimeyaandika kwenye jalada la daftari, yanikumbushe.

Uamuzi wa leo: kadi 38 naziweka kando. Nitashughulika na hizi mbili tu, kindi na mpea-mwitu, hadi nijue namna ya kuzilinganisha bila dhuluma. Hawa wawili wakilingana, hakuna jozi itakayonishinda.

Jumamosi, 20 Januari. Kiboswa

Sikubeba kadi. Tulikaa chini ya mwembe kuzungumza majina tu, na hata hapo nimetoka na mzigo.

Kindi ana majina mawili ya Kiswahili yanayogombana. Vitabu vya shule vingi vinasema kindi, ilhali nusu ya watoto nyumbani wanasikia kuchakuro. Mmoja alisema kuchakuro ni yule wa chini anayechimba, kindi ni wa mtini. Mwingine akasema ni mtu mmoja, ila amebadilisha mtaa. Nimechagua kindi kwa sababu ni fupi na linaingia kwenye kadi. Kuchakuro nimeliweka chini kwa herufi ndogo, wenye nalo wasinilaumu.

Mpea-mwitu ndio ulioniletea balaa. Watoto kumi waliandika jina hilo nikiwatajia, na sita wakaandika "mpera-mwitu". Si kosa lao. Mpera umo katika kila boma hapa, mapera wanayala tangu hawajaota meno. Pea lenyewe wengi hawajalitia mdomoni. Jioni nikarudi kwenye kamusi, nikakuta mambo ni mazito zaidi ya imla. Neno pera tumelipata kwa Wareno, na kwao *pêra* ni hilo hilo pea. Yaani jina la pea lilitua Pwani likavikwa tunda lingine kabisa, lile la Amerika lililokuja na mbegu zake nyingi. Nalo neno pea, baadhi ya kamusi zinalitumia kwa parachichi. Matunda matatu yanagombea blanketi moja.

Hilo lilipaswa kunishtua niikague kadi yangu. Sikushtuka.

Jumapili, 28 Januari. Isecheno

Nimeondoka Kiboswa saa kumi na moja alfajiri, matatu hadi Khayega, kisha bodaboda hadi Shinyalu na kuingia msitu wa Kakamega upande wa Isecheno. Niliona haya kuandika habari za kindi nikiwa na picha za kwenye simu tu, na hapa kindi wa mtini hawatafutwi mbali. Msitu huu ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Afrika ya Kati, ndiyo maana una viumbe ambao Mkenya hawaoni kwingine kwake.

Mwongozaji alinipokea na swali: kindi gani? Mimi nilidhani kindi ni kindi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kuna mdogo mwenye mistari mgongoni, kuna jitu lenye uzito unaokaribia kilo moja ambalo husikika juu kabla halijaonekana, na kuna yule wa kadiri mwenye miguu ya rangi ya kutu. Nimemchukua huyo wa kadiri. Kwa Kilatini ni *Heliosciurus rufobrachium*. Neno la pili ni "mkono mwekundu", la kwanza ni "kindi wa jua".

Saa moja na nusu hivi nikaelewa jua linaingiaje hapo. Mwanga ulikuwa umeanza kupiga tawi moja nene upande wa mashariki, na juu ya tawi kulikuwa na kitu nilichodhani ni kuvu au gome lililobanduka. Kindi. Alikuwa amelala kifudifudi, tumbo limegandana na tawi, miguu minne inaning'inia huku na huku kama nguo iliyoanikwa, mkia umeshuka wima. Ule mkia una mapete membamba, jeusi, jeupe, jeusi, jeupe, hadi ncha. Hakusogea kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwongozaji akanong'ona, "Huyu bado hajawasha injini, bwana."

Alipowasha, tulipata shida kumfuata. Alipanda mkuyu, akachuma tunda, akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye meno kama fundi anayepiga kitu randa, na mabaki yakatunyeshea. Halafu akashuka shina kichwa chini. Nilijua kwamba kindi hushuka hivyo, lakini kuona ni kitu kingine. Nyayo za nyuma zinageuka zikatazama juu, kucha zinashika gome kwa kuning'inia. Paka akipanda mti hushuka kinyumenyume, tena kwa aibu. Huyu anashuka kama mtu anayetoka kwake.

Nyumba yake ni tundu la mti. Mwongozaji alinionyesha moja, mlango mdogo kiasi kwamba ungesema hata kichwa chake hakipiti, na majani mabichi yametandikwa ndani.

Kilichonikaa kichwani ni meno. Yale manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua maisha yote ya mnyama. Yanapunguzwa na kutafuna. Asipotafuna yanapita kiasi na kumzuia kula. Nimeandika pembeni mwa ukurasa: *nini kwako hakiachi kukua?* Sijui kwa nini niliandika kama swali, lakini nimeliacha hivyo.

Jumamosi, 10 Februari. Juu ya Kibigori

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe imeiokoa kazi.

Nilisikia kwamba mzee mmoja mfuga nyuki, kwenye miinuko ya Nandi juu ya Kibigori, ana mpea-mwitu mkubwa karibu na mizinga yake. Nikapanda. Jua lilikuwa kali, nyasi zimekauka hadi kutoa sauti ukizikanyaga, na kila kitu kina rangi ya gunia. Ukipinda kona ya mwisho unaona mti mmoja mweupe. Hauna hata jani. Ni maua tu, mafungu kwa mafungu, kuanzia matawi ya chini hadi kileleni, na ukisogea unasikia mti mzima unavuma. Ni nyuki.

"Huu hauna haya," mzee akasema. "Unavaa mapambo kabla ya nguo."

Nilikaa chini yake saa mbili. Ua moja ni dogo, petali tano, kama ukubwa wa kitufe cha koti, na harufu yake ni tamu bila kukera. Gome ni kinyume cha ua: jeusi-kijivu, nene, limepasuka vipande vya mraba kama matope ya kidimbwi kilichokauka. Ukibonyeza kwa kidole linabonyea kidogo, lina sponji ndani yake. Mzee akaniambia moto wa nyasi umeshapita hapo zaidi ya mara moja na mti haukujali. Mbao yake ni ngumu na nzito. Akaingia ndani akaja na jembe lenye mpini wa mti huo, umekuwa laini kwa jasho kama mfupa. Gome la ndani linatoa nyuzi za kufungia.

Ndipo nikatoa kadi yangu, nimwonyeshe kwa fahari. Akavaa miwani. Akasoma taratibu, kwa sauti: "Mpea-mwitu. Ana miiba kwenye matawi. Matunda yake madogo magumu huliwa na wanyama yakianguka." Akainua uso akautazama mti, akaniangalia mimi, akautazama tena.

"Kijana wangu, miiba iko wapi?"

Hakuna miiba. Matunda je? Akavunja kijitawi chenye maua ya zamani, yaliyogeuka kahawia, akayasugua kiganjani. Katikati ya kila ua kavu kulikuwa na kijidonge chenye manyoya, kidogo kuliko punje ya mahindi. Hilo ndilo tunda. Nani ale hicho?

Nilichokuwa nimefanya kikanijia nikiwa nimesimama pale. Picha ya kadi ni ya mti huu, *Dombeya rotundifolia*, ambao Waingereza wa Afrika Kusini waliuita pea la mwituni. Maelezo niliyatoa kwenye kitabu cha Ulaya kinachozungumzia mpea-mwitu wa huko, *Pyrus pyraster*, pea wa kweli mwenye miiba na matunda magumu yanayokaza ulimi. Jina moja, miti miwili, na mimi nimeiunganisha kiwiliwili cha huyu na kichwa cha yule. Nyumbani nikaikagua kadi ya kindi. Uchafu ule ule: "Huzika njugu ardhini kujiandaa na theluji." Theluji Kakamega!

Mzee hakunicheka sana. Alinipa asali kwenye chupa ya soda na somo la bure. Wakalenjin wana silibwet, ndugu wa mti huu anayependa sehemu za baridi zaidi, na jina lake wamelipa mji mdogo kule Bomet. Mtu akitaja Silibwet, wengi wanawaza stendi ya matatu. Mti umesahaulika.

Jumatatu, 12 Februari. Kisumu, usiku

Maandishi ya kurekebisha, nisije nikasahau.

Mpea-mwitu wetu si pea hata kidogo. Pea ni wa ukoo wa waridi na tufaha. Huu wetu ni wa ukoo wa pamba, bamia, mbuyu na mkakao. Anayetaka kuamini aende shambani alitazame ua la bamia. Jina la pea lilitokana na sura tu: ukiwa mbali, mti mweupe usio na majani unafanana na shamba la mapea la Ulaya wakati wa maua. Kosa la Wareno na mapera, limerudiwa na watu wengine kwenye mti mwingine. Nimejihurumia kidogo.

Jina la Kilatini nalo lina hadithi mbili, na usingizi umenikimbia kwa sababu yake.

Ya kwanza: Hochstetter, aliyeuandika mti huu mwanzo, aliuweka katika jenasi (kundi la mimea ya ndugu wa karibu) iitwayo *Xeropetalum*, maana yake "petali kavu". Aliyetunga jina hilo alitazama vizuri. Maua haya yakinyauka hayaanguki. Petali zinabaki zimekauka, kahawia, zimekizunguka kile kijidonge cha mbegu, na upepo ukija zinakuwa mabawa. Kinachoonekana kama uchakavu ndicho chombo cha safari. Baadaye Planchon akauhamishia jenasi *Dombeya*, na jina zuri likafutika.

Ya pili ni ya Dombeya mwenyewe. Jenasi hiyo ilipewa jina na Cavanilles mwaka 1786 kumheshimu Joseph Dombey, Mfaransa aliyekusanya mimea Peru na Chile. Mwaka 1794 huyo Dombey alipanda meli kwenda Marekani akiwa na mizigo miwili ya thamani: fimbo ya shaba yenye urefu wa mita moja, na jiwe la mzani la shaba la kilo moja, vipimo vipya vya Wafaransa. Thomas Jefferson alikuwa miongoni mwa waliovutiwa na vipimo vya aina hiyo. Dhoruba ikaisukuma meli hadi Karibi, maharamia wenye kibali cha Waingereza wakamkamata, wakamfunga kisiwani Montserrat, na huko akafa. Hakufika Marekani na kilo na mita zake. Wamarekani hadi leo wanapima kwa futi na ratili.

Na mimi ndiye niliyeuwekea mti wa Dombey sentimita na kilo chini ya picha, nikategemea hizo zilete mchezo.

Jumamosi, 24 Februari. Kiboswa

Namba zote zimefutwa. Kadi mpya ina maswali sita, na kila kiumbe anayajibu kwa nafsi ya kwanza, sentensi moja au mbili. Kanuni: swali zuri ni lile ambalo mti na mnyama wote wanaweza kulijibu bila kuona haya.

Nimeyapata kwa kuyachuja pamoja na watoto. "Una miguu mingapi?" lilianguka mara moja. "Una mabawa?" lilikuwa limekaribia kuanguka, nikawaonyesha lile ua kavu la mzee, tukalirusha kutoka barazani. Likazunguka hewani kama lenye haraka ya kwenda. Ubishi ukaanza, nikajua tumepata kitu. Tulilichonga hadi likawa: *mtoto wako anaondokaje nyumbani?*

Yaliyobaki: unapata wapi chakula chako, nini kwako hakiachi kukua, kiangazi unakipitaje, hatari ikija unafanya nini, nani angelia usipokuwapo.

La kukua ndilo lililonifurahisha zaidi. Kindi: meno ya mbele. Mpea: shina, chini ya gome, mwaka baada ya mwaka. Ukiwapa namba, hawa wawili hawakutani popote. Ukiwauliza swali hili, wamesimama bega kwa bega, na kila mmoja ana gharama yake. Wa meno lazima atafune siku zote. Wa shina hawezi kurudi nyuma, kila kovu linabaki ndani yake.

La chakula lilitupeleka mbali kuliko nilivyopanga. Mpwa wangu alitaka kujua kama mti "unakula" au "unapika". Nikasema jani linatumia mwanga, maji na hewa kutengeneza sukari, kwa hiyo unapika. Akauliza: na wakati hauna jani hata moja, kama ule wa mzee, unapikia wapi? Haupiki popote, nikamwambia. Unakula akiba, wanga uliowekwa kwenye mizizi na shina tangu majani yalipokuwapo. Yale maua yote meupe ya Februari yamelipwa kwa sukari ya zamani. Akafikiri. "Kwa hiyo anayeficha chakula ni mti, si kindi." Nikanyamaza. Ile sentensi niliyoiiba Ulaya kuhusu njugu na theluji, imepata mwenyewe, na ni yule ambaye sikumtarajia.

Jumamosi, 9 Machi. Kisumu mjini

Siku ya kuchapisha. Nifupishe kwa sababu bado nina hasira.

Seti tatu, kadi mbili mbili za majaribio pamoja na nane nyingine nilizozikamilisha. Duka, sitalitaja, lilinipa karatasi nzuri na mkataji mwenye haraka. Kindi mmoja amekatwa mkia. Hilo lingevumilika, lakini kijana wa kompyuta aliamua kunisaidia. Aliona "mpea" mara nyingi, akaona ni kosa la kuchapa, akanisahihishia kote. Nina seti tatu za mpera-mwitu. Alikuwa anatabasamu alipokuwa akinikabidhi, akingoja shukrani.

Nimelipa nusu, kesho tunachapisha upya. Zile mbovu nimeziweka. Mapera yangu hayo yana historia yake.

Kuzivisha plastiki imekuwa ghali kuliko kuchapisha, lakini kadi ya karatasi mikononi mwa watoto waliotoka kula embe haimalizi wiki.

Jumamosi, 23 Machi. Kiboswa

Mvua ilianguka saa nane, watoto saba tu, sebule imejaa. Kanuni mpya: wawili wanatoa kadi, mwenye zamu anachagua swali, kila mmoja anamtetea kiumbe wake, na waliobaki wanapiga kura kwa maharagwe. Huruhusiwi kusema uongo. Ukishikwa, kadi imekwenda.

Nilizipanga makusudi kindi na mpea-mwitu ziwe za kwanza. Mpwa wangu alipata kindi tena. Yule kitinda mimba akapata mpea. Swali likachaguliwa: hatari ikija unafanya nini?

Mpwa wangu alijiamini. Moto ukija kindi anakimbia, ana miguu inayogeuka, anashuka kichwa chini, anaruka tawi hadi tawi, moto unabaki nyuma unamtafuta. Makofi. Maharagwe mawili yalikuwa yameshaanza kusogea upande wake.

Binti akasoma kadi yake polepole: "Nina gome nene. Moto wa nyasi hunipitia." Akaiweka chini. "Kindi anakimbia. Sawa. Analala wapi usiku?"

"Kwenye tundu la mti."

"Nyumba imeungua."

Kimya. Mpwa wangu akatafuta la kusema, akadai kindi atahamia kwenye mpea basi. Nikamzuia: mimi sijawahi kumwona kindi wa Kakamega kwenye mpea-mwitu. Yule anakaa msituni mwenye kivuli, huu unapenda uwanda wenye nyasi na jua. Maharagwe matano yakaenda kwa mpea.

Raundi ya pili ya jozi hiyo hiyo, swali la mtoto kuondoka nyumbani, kindi akalipiza kisasi. Mpwa wangu aliuliza: mbegu yako inakwenda upepo unakotaka, au unakotaka wewe? Mwanangu mimi akikua anachagua tawi lake. Binti akajibu kwamba ye hana haja ya kuchagua, anatuma mia ili mmoja afike. Kura zikagawanyika, mbili kwa moja, na wawili wakakaa na maharagwe yao mkononi wakisema wanahitaji kufikiri. Nimecheza michezo mingi, sijawahi kuona mtu akisimamisha mchezo afikiri kuhusu mbegu.

Kasoro nilizoziona: swali la "nani angelia" linawapendelea wenye maua, kwa sababu kila mtoto anataja nyuki na asali na kura zinaisha. Kindi pia ana wa kumlilia, mwewe na tai wa msituni wanamtegemea kwa chakula, lakini hakuna mtoto anayetaka kumpigia kura kwa kuwa kitoweo. Nitalibadilisha liwe "nani anakutegemea, na wewe unamtegemea nani", pande zote mbili zijibiwe. Halafu kadi ya kindi ina maneno mengi. Inasomeka kama risala.

Jumamosi, 13 Aprili. Kiboswa

Mzee wa Kibigori alipiga simu wiki iliyopita kusema mti "umevaa nguo". Nikapanda kuchukua mbegu. Sikuutambua mara moja. Ule weupe umekwisha, sasa ni majani mapana ya mviringo, ya kukwaruza kama ulimi wa paka. *Rotundifolia* ni hilo tu, majani ya mviringo. Chini, mashada ya kahawia bado yameng'ang'ania matawi. Mengine yalikuwa yameshasafiri hadi kwenye uzio wa jirani na kunaswa kwenye michongoma.

Leo watoto wamezipanda kwenye vikopo vya majarini vilivyotobolewa, mchanga na mbolea nusu kwa nusu. Mbegu ni ndogo sana, ilibidi tuzitenganishe juu ya karatasi nyeupe, mlango umefungwa ili upepo usizibebe. Vikopo thelathini. Mpwa wangu ameviandika majina kwa kalamu ya wino, na kwenye vyote ameandika "mpea" kwa herufi kubwa, na chini yake mstari mzito, asije mtu akamsahihishia.

Kadi zilizokamilika: 22 kati ya 40. Maswali yamebaki sita.

Tulipokuwa tunanawa mikono, binti alikuwa amechuchumaa nyuma ya choo cha zamani, pale gogo lilipoozea. Akaniita nione uyoga ulioota na mvua hii, mweupe, mwavuli wake bado haujafunguka. Akauliza una kadi yake? Sina. Una miti 20 na wanyama 20, akasema, huu uko upande gani?

Nikamjibu kwamba hauko upande wowote, una himaya yake, na kwamba kwa ukoo uyoga uko karibu zaidi na kindi kuliko ulivyo karibu na mpea. Haupiki chakula chake kwa jua. Unakula kilichokwisha kutengenezwa na wengine, kama kindi, kama sisi. Aliuangalia kwa muda.

"Na nini kwake hakiachi kukua?"

Nimemwambia nitamjibu Jumamosi ijayo. Kesho naanza kadi ya 41.